Jumamosi niliyomfukuza mtu kwa aya

Nina mwaka wa sita kama mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo huku Kasulu, mkoani Kigoma, na kosa langu kubwa nililifanya Biblia ikiwa mkononi.

Tulikuwa tumemaliza sala. Mzee mmoja akaanza: ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imewalemaza watu, na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wanakula bure huku wake zetu wakitembea nusu siku kutafuta kuni. Mjadala ukachemka. Nami, kwa kutaka kuufunga, nikasoma Wathesalonike wa pili, sura ya 3: asiyetaka kufanya kazi, na asile. Wakaitikia amina. Mama aliyekaa karibu na mlango akajifunga kanga yake vizuri, akaaga. Alikuwa mlengwa wa TASAF. Mume amepooza, wajukuu wanne wanamtegemea. Hatukumwona tena kwa miezi mitatu.

Niliporudia aya ile usiku, neno "asiyetaka" likanisuta. Paulo hakumtaja asiyeweza. Na mkimbizi je? Kutoka kambini ni mpaka kibali, na soko la pamoja tulilokuwa tukiuziana nao lilishafungwa. Umfungie mtu mlango, kisha umwite mvivu? Tena sisi Waha wa huku tunasikilizana na Warundi wa kambini bila mkalimani.

Ila mzee wa kuni naye msimpuuze. Kambi ipo tangu 1996, Wakongo walipokimbia vita, na 2015 Warundi wakamiminika. Miti imekatwa kweli. Ukimjibu kwa Mathayo 25, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha", utakuwa umemnyamazisha tu, na maneno yake atayamalizia kilabuni ambako hakuna wa kumrekebisha. Mimi namwacha aseme mpaka amalize, hata kama anakera. (Na anakera.)

Kwa hiyo wewe unayeongoza jumuiya, mtu akianza na "hawa watu", muulize: nani hasa? Anakaa wapi? Mara nyingi hana jina la kutaja. Akiwa nalo, ahirisheni ubishi, mwende mkamwone huyo mtu wiki hiyo hiyo, na anayemlaumu awemo. Mambo ya vyama sisi tumekubaliana yaishie nje ya uzio, hasa uchaguzi ukikaribia. Kuhusu aya, nimejiwekea mwiko: sisomi inayomkata mwenzangu kabla sijasoma inayonikata mimi.

Kwa yule mama nilikwenda na wazee wawili. Nilitaka kumwomba radhi palepale, yaishe. Mzee mmoja akanizuia: ulimkosea mbele ya watu, utamwomba radhi mbele ya watu. Nilifanya hivyo Jumamosi iliyofuata, jasho likinitoka. Siku ile nyumbani kwake alikuwa ametuonyesha kuku sita alioanza kuwafuga kwa ile ruzuku.

Mzee wa kuni hajaacha kulalamika. Nimemwambia aandike barua kwa mtendaji wa kijiji kuhusu miche ya kupanda, nami nitatia saini chini ya yake.