Kikundi cha akina baba mwaloni: tukutane lini, na nani awemo?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa kwenye mwalo wa Igombe, Mwanza, baba wa watoto wanne. Hasira za nyumbani zimenizidi, na wenzangu kadhaa wanalalamika vivyo hivyo. Tunataka kukutana tusaidiane. Tuanzeje ili kikundi kisife mapema?

JIBU: Ndugu yangu, vikundi vingi vya namna hii hufia kwenye ratiba. Kawaida husemwa mkutane kila wiki, lakini ninyi giza likiingia usiku mko ziwani, mchana mmelala. Fuateni mwezi. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ikipumzika, kutaneni mara mbili au tatu, saa moja na nusu kila mara. Tena ndizo siku ambazo baba anashinda nyumbani na mfukoni hamna kitu, kwa hiyo ya kusema hayatakosekana.

Watu sita hadi kumi wanatosha. Tajiri wa mtumbwi asikae kundi moja na wavuvi wake. Nani atakiri kulemewa mbele ya anayempa kazi? Na pesa msiingize. Mtatamani kuchanga na kukopeshana humo humo, lakini mwenye deni huacha kuja, na mara nyingi ndiye aliyekihitaji kikao kuliko wote.

Kiongozi hahitaji shahada, anahitaji kuzuia mahubiri. Mmoja akisema amemchapa mtoto kupita kiasi, wenzake watakimbilia kumshauri. Awanyamazishe kwanza, amuulize: kabla hujanyanyua mkono, ulikuwa umelala? Umekula? Nini kilitangulia? Kisha mwingine asimulie alivyojizuia siku kama hiyo, labda kwa kutoka nje tu mpaka moyo utulie. Kila mtu aondoke na jambo moja la kujaribu, na kikao kijacho aeleze lilivyokwenda, hata kama lilimshinda.

Siri ina mpaka, nao utajwe siku ya kwanza. Mtoto akiwa anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa. Mwoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Mtu akitaja kujiua, msimwache peke yake, mfikisheni hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo.

Na mwenzenu akikaa wiki mbili bila usingizi, hamu ya chakula wala ya watu, kikundi hakimtoshi. Hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyopitiliza, nayo hutibiwa hospitali.