Homoni ya Kuamsha Viazi vya Mbegu

SWALI: Ninalima viazi mviringo mkoani Njombe. Huvuna mwezi Mei na kutaka kupanda vinyungu, yaani mashamba ya bondeni ya kiangazi, mwezi Julai, lakini mbegu huwa bado zimelala. Mwaka jana nilizitumbukiza katika maji yenye unga wa homoni niliopima kwa kijiko. Zilichipua upesi, ila machipukizi yalikuwa marefu na membamba, mengi yakavunjika wakati wa kupanda. Je, homoni ile haifai?

JIBU: Yamkini ulitumia asidi ya jibereliki, nayo inafaa, kilichoharibu ni kijiko. Kiazi kilichotoka kuvunwa hakichipui hata kikipata unyevu na joto, kwa sababu asidi ya absisiki iliyomo ndani yake huyazuia macho, na kwa aina nyingi usingizi huo huchukua miezi 2 hadi 3. Jibereliki huuvunja, lakini kazi yake nyingine ni kurefusha shina: Wajapani waliitambua kutokana na kuvu uliofanya miche ya mpunga irefuke ovyo hadi ianguke. Ukiizidisha, viazi vyako hupatwa na jambo lilelile.

Kwa viazi vizima, miligramu 5 katika kila lita ya maji ni mahali pema pa kuanzia, yaani gramu 1 kwa pipa la lita 200, ilhali kijiko cha chai hubeba gramu kadhaa. Nunua kipakiti kilichokwisha kupimwa, uuyeyushe unga kwanza katika spiriti kidogo, kwa kuwa asidi hii huyeyuka kwa shida katika maji baridi. Tumbukiza mbegu kwa dakika 10, tena mapema baada ya kuvuna, kabla ganda halijakomaa likazuia dawa kupenya, kisha zikaushe kivulini. Macho yakianza tu kuchomoza, zitandaze mahali penye mwanga hafifu, machipukizi yabaki mafupi na manene.

Wapo wanaokata viazi ili dawa iingie vizuri. Sisi hatupendekezi, maana kisu husambaza mnyauko bakteria, na hata maji ya pipa huweza kuutoa kiazi kimoja na kuupeleka katika gunia zima. Kwa hiyo mbegu za shamba lililowahi kunyauka zisitumbukizwe, wala zisipandwe.

Chunguza pia aina unayopanda. Shangi ya Kenya, kwa mfano, huchipua mapema mno hata ikawasumbua wanaoihifadhi, na kuinunulia homoni ni kutupa fedha.