Futa jina la mji, kisha usome tena

Chukua ukurasa wowote wa mji kwenye tovuti ya fundi bomba, yaani ule unaotangaza huduma zake katika mji mmoja. Futa jina la mji, weka jina la mji mwingine ulio kilomita 200 kutoka hapo, kisha usome upya. Kama hakuna sentensi hata moja iliyogeuka kuwa uongo, basi huo haukuwa ukurasa wa mji. Lilikuwa tangazo la jumla lililobandikwa jina.

Sera ya Google dhidi ya taka huziita kurasa za aina hiyo kurasa za mlango, na inataja waziwazi mtindo wa kulundika kurasa zinazolenga miji mbalimbali ilhali zote zinampeleka msomaji kulekule. Machi 2015 walitangaza kuwa watazikabili kwa ukali zaidi. Machi 2024 wakaongeza sera kuhusu maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kupanda tu kwenye matokeo, yawe yametoka kwa mtu au kwa mashine. Lakini muweke Google kando kidogo. Mtu ambaye maji yanafurika jikoni kwake ana maswali matatu: mnafika kwangu? mnafika saa ngapi? mmeshawahi kushika nyumba kama hii? Ukurasa usiojibu hayo ni kupaka rangi upepo.

Majibu hayapatikani kwa kuperuzi intaneti. Yamo kwenye ankara. Toa za miezi 12, zipange kwa mji, na kwa kila kazi andika mtaa, tatizo, chanzo chake, kilichofanyika na muda uliotumika. Kwa uzoefu wetu, kazi 20 zinatosha kuonyesha tatizo linalojirudia. Zikiwa chini ya 5, ukurasa huo usubiri. Mji uutaje tu kwenye ukurasa wa eneo zima.

Kisha kaa nusu saa na fundi anayekwenda huko, simu ikirekodi. Ukimuuliza mji ule una nini cha pekee, atakujibu “kawaida tu.” Muulize hivi: Ni kifaa gani huwezi kuondoka bila kukibeba ukienda kule? Kazi gani ilikurudisha mara ya pili, na kwa nini? Gari unaliacha wapi? Mteja huuliza nini kabla hujafungua boksi la vifaa? Majibu yake ndiyo ukurasa wenyewe. Kazi yako ni kunyoosha lugha tu.

Tofauti huonekana haraka. Hii hapa sentensi inayokaa popote: “Tunatoa huduma bora za hita za maji kwa haraka na uaminifu.” Na hii hapa iliyotoka kwa fundi:

“Maji ya hapa yana chokaa nyingi. Kwenye hita ya tangi, chokaa hutuama chini na kuganda juu ya elementi. Utaanza kusikia mlio wa kupasukapasuka, kisha maji yatachelewa kupata moto. Katika nyumba za zamani za upande wa reli, valvu ya kufunga maji iko nje, ndani ya kisanduku cha zege karibu na mita, na nyingi zimeshika kutu. Usiilazimishe kwa spana: shina likikatika, itabidi maji yafungwe barabarani.”

Ihamishie aya hiyo kwenye mji wenye maji laini na itakuwa uongo papo hapo. Mtu wa mtaa ule akiisoma atajua mmefika. Ila ihakiki kwanza: suala la chokaa lithibitishwe na mamlaka ya maji au kwa kipimo, lisitegemee kumbukumbu ya fundi mmoja.

Mpangilio wa ukurasa hauhitaji ujanja. Kichwa kinachoonekana kwenye matokeo ya utafutaji kiwe na huduma, mji na jina la biashara, herufi 60 hivi ili kisikatwe. Kwenye skrini ya kwanza ya simu, kabla msomaji hajasogeza kidole, pawe na huduma, mitaa mnayofika, muda wa kufika na namba inayopigika ikiguswa. Taja pia msipofika. Kusema “hatuvuki mto baada ya saa 12 jioni” huokoa simu nyingi za bure. Yafuate matatizo ya mji huo, kazi mbili tatu zenye picha, gharama ya usafiri kama ipo, na nani hutoa kibali pale kazi inapohitaji kibali. Historia ya mji, idadi ya watu na timu yao ya mpira achana navyo. Mteja anaishi pale.

Picha ziwe zenu, na maelezo mafupi chini yake: mtaa, kazi, mwezi. Namba ya nyumba na sura ya mteja zisionekane bila ridhaa yake. Upana wa pikseli 1200 unatosha. Faili la megabaiti 5 moja kwa moja kutoka kwenye kamera humkimbiza mwenye mtandao wa kusuasua.

Kama hamna ofisi katika mji huo, msibuni anwani. Wasifu wa biashara kwenye Google unaruhusu biashara inayomfuata mteja kuficha anwani yake na kuorodhesha hadi maeneo 20. Ofisi ya kukodi jina tu, isiyo na mfanyakazi wenu saa za kazi, haikubaliki, na wasifu ukisimamishwa, maoni ya wateja mliyoyakusanya kwa miaka hayaonekani tena. Kwenye data za muundo za LocalBusiness, yaani maelezo ya biashara yaliyo ndani ya msimbo wa ukurasa kwa ajili ya injini ya utafutaji, weka anwani halisi ya makao, na mji uutaje katika areaServed (eneo linalohudumiwa). Msitegemee nyota: tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota za maoni ambayo biashara imeyaweka kwenye tovuti yake kujihusu yenyewe. Maoni ya mteja wa mji huo yawekeni hata hivyo, kwa ajili ya msomaji.

Kosa linaloumiza kimyakimya ni la kukopi ukurasa wa kwanza na kuugeuza kuwa wa pili. Tagi ya kanoniko, yaani mstari wa msimbo unaotaja ukurasa upi ndio asili, hubaki ikielekeza kwenye mji wa kwanza, na kwa kufanya hivyo umeiambia injini ya utafutaji kwamba ukurasa mpya ni nakala. Ndiyo maana hautokei. Fungua msimbo wa ukurasa, tafuta jina la mji wa zamani, na uangalie pia maelezo mbadala ya picha na kichwa cha barua pepe inayotumwa na fomu.

Ukurasa uunganishwe kutoka kwenye menyu ya maeneo mnayohudumia na kutoka kwenye ukurasa wa huduma husika. Kurundika majina ya miji 60 chini ya kila ukurasa ni uchafu tu.

Baada ya wiki 6 hadi 8, ingia Search Console, zana ya Google inayoonyesha hali ya kurasa zako kwenye utafutaji. Ukurasa ukiwa umesomwa na roboti lakini haukuwekwa kwenye faharasa, kwanza hakikisha hauna kasoro ya kiufundi. Kama hauna, kuuomba tena na tena hakusaidii; aidha uongeze kitu cha kweli au uuunganishe na wa mji jirani. Kurasa mbili zikipokezana kwenye matokeo ya utafutaji uleule, bakiza yenye nguvu na nyingine uielekeze huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Usiielekeze kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti, maana Google huweza kuichukulia kama ukurasa usiopo.

Kila miezi 6 mpitishie fundi ukurasa wake aukague. Kinachochakaa mapema ni muda wa kufika: aliyekuwa akiishi kule amehama, na ukurasa bado unaahidi dakika 40.