Kichanja cha Visahani 212

Wiki iliyopita niliweka picha ya kichanja changu cha visahani vya disc golf, yaani ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi viingie kwenye kikapu cha minyororo, na tangu siku hiyo simu haijatulia. Wengi mmenipongeza, nawashukuru sana. Ila ujumbe ulionikalisha chini niandike ni wa ndugu mmoja aliyeko Texas. Ana visahani 80 vimejazana kwenye buti la gari, mkewe ameshachoka kuvisogeza kila akienda sokoni, na anauliza: "Kaka, fundi wako ni nani, na amekutoza dola ngapi?"

Fundi ni mimi. Na kwa kuwa hiki mnachokiona pichani ni cha pili, inabidi nianze na kile cha kwanza.

Cha kwanza kilianguka Februari mwaka jana, saa nane usiku. Nilikuwa nimekifunga kwenye ukuta wa chumba cha chini, hapa kwangu Minnesota: rafu nne za plaiwudi juu ya vishikizo vya chuma, visahani vimelazwa kimoja juu ya kingine, kumi na tano kila rundo. Kilikaa siku 11. Usiku wa siku ya kumi na moja nilisikia kishindo, mtoto akaamka analia, mke wangu akadhani tumevamiwa. Niliposhuka nilikuta ukuta una matundu sita, unga wa jipsamu umefunika sakafu nzima, na visahani vimetawanyika hadi chini ya ngazi. Roc yangu ya kwanza, kisahani cha masafa ya kati, ilikuwa imepasuka ukingoni, pale pembe ya rafu ilipoiangukia.

Hapo nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kunyanyuka.

Roc ile alinipa mfanyakazi mwenzangu wa ghala mwaka 2014, nikiwa na miezi minne tu tangu nitoke Morogoro. Sikuwa na rafiki, sikuwa na gari, Jumapili nilikuwa nashinda ndani naangalia theluji ikiyeyuka. Akanipitia asubuhi moja, akanipeleka bustani ya Kaposia pale South St. Paul, akaniwekea kisahani mkononi na kunionyesha kikapu cha minyororo kule kwenye miti. Sikuufikia mti wa kwanza. Lakini nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mtu huyo alishahamia jimbo jingine, na Roc ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo mtu akiniambia ni plastiki tu, sisemi naye. Kwenye harusi moja ya Watanzania wenzetu, bwana mmoja aliniambia mbele ya meza nzima kwamba mtu mzima hakusanyi sahani za watoto. Watu wakacheka. Miaka imepita na neno lile bado ninalo.

Ninyi mnaosoma hapa hamhitaji kuelezwa, ila nitasema kwa ajili ya wake zenu. Visahani havifanani. Destroyer, kisahani cha kurusha mbali, imeandikwa 12, 5, -1, 3: kasi, kuelea, kupinda, na kurudi mwishoni. Leopard, kisahani kingine, ni 6, 5, -2, 1. Hiyo ni siku inapotoka dukani. Ukiipigiza Destroyer kwenye miti misimu miwili, inapunguza ile tabia ya kukimbilia kushoto na kuanza kwenda moja kwa moja, na ukiendelea nayo itaanza kupinda kulia. Destroyer tatu zenye umri tofauti ni zana tatu tofauti, kama seremala alivyo na patasi tatu. Ndiyo maana hatutupi vya zamani. Na Ed Headrick, aliyebuni kikapu cha minyororo na kuanzisha PDGA, chama cha wachezaji wa mchezo huu, mwaka 1976, alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Kwa hiyo tusione haya.

Turudi kwenye ngazi. Saa nane usiku kwangu ni saa tano asubuhi Morogoro, na nilijua mzee, baba yangu, yuko karakanani kwake Kihonda. Nikampigia kwa picha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona uko macho saa hizi?"

Nikamgeuzia kamera. Akazima randa ya umeme, akaangalia muda mrefu bila kusema neno.

"Ulishikiza wapi?"

"Ukutani, mzee."

"Ukuta wa nini?"

"Jipsamu. Kama ile ya dari huko nyumbani."

"Uliona wapi mtu ananing'iniza mzigo kwenye jipsamu? Na mzigo wenyewe kilo ngapi?"

Sikuwa nimepiga hesabu. Ndugu zangu, nilikuwa nimekusanya visahani kwa miaka kumi na sijawahi kujiuliza vina uzito gani vikiwa pamoja. Kisahani kimoja ni gramu 170 hivi. Zidisha kwa 212 unapata kilo 36, yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji, bado hujaweka uzito wa mbao. Na mimi nilikuwa nimeutundika kwenye unga ulioshikwa na karatasi.

Niseme na hili, kwa sababu nimeahidi kusema ukweli. Nilipomaliza kidato cha nne mzee alitaka nishike kazi yake. Nikamjibu kwamba sitaki kazi ya vumbi. Hakunijibu siku ile na hajawahi kulirudia neno hilo. Usiku ule wa Februari angeweza kunikumbusha. Badala yake aliniuliza, "Kichanja cha mama yako unakikumbuka?"

Nakikumbuka. Kilikuwa nyuma ya jiko, miti minne imechimbiwa, juu fito. Sufuria zinafunikwa kifudifudi, vikombe pembeni, na sahani zinasimama zikiegemeana kwa upande mmoja, maji yanachuruzika. Hakuna sahani iliyobeba nyingine.

"Basi jenga hicho," akasema. "Kisimame kwa miguu yake. Ukuta ukishikilie tu kisilale mbele. Na uweke mshazari."

Nilianza Jumamosi iliyofuata. Wiki za kukata na kupiga msasa nazipita, hazina la kusimulia. Nawapa yaliyo ya lazima.

Kwanza pima kisahani chako mwenyewe, usipime cha mtu mwingine. Vyangu vya kurusha mbali ni sentimita 21.1 hadi 21.2 kwa upana, vya masafa ya kati vinafika 21.7. Unene, hesabu sentimita 2 kwa kila kimoja, ndipo utapata nafasi ya kidole. Kila safu ina papi mbili, yaani mbao ndefu nyembamba, zinazokwenda sambamba, moja mbele na moja nyuma, na kati yake uwazi wa sentimita 14. Kisahani kikikaa hapo kinazama sentimita 2 na nusu hivi katikati ya papi, basi hakiviringiki kwenda popote. Uwazi huo nilijaribu kwanza na vipande viwili vya mbao mezani kabla sijapiga skrubu hata moja. Jaribuni hivyo. Nikiacha sentimita 10 kilikuwa kinayumba, nikiacha 18 kilizama mno na kukitoa ikawa tabu.

Safu moja ya sentimita 120 inabeba visahani 60. Safu nne ni 240. Kutoka safu moja hadi nyingine niliacha sentimita 28, mkono unaingia vizuri.

Papi zisimame kwa ubavu, yaani ule upande mwembamba ndio uangalie juu, kama kenchi inavyokaa. Ukizilaza zitapinda katikati baada ya miezi michache.

Mwisho mmoja wa papi, wangu ni wa kulia, upandishe sentimita 4. Ndipo visahani vyote vinaegemea kushoto, na huko kushoto unaweka ubao wa kuvipokea. Wangu ni ile plaiwudi ya kichanja kilichoanguka.

Tahadhari kuhusu vipimo vya mbao vya hapa Marekani: mbili kwa nne si inchi mbili kwa nne. Ikisharandwa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Mimi nilichora mchoro mzima kwa vipimo vya jina, nikakata miguu yote, kisha viunganishi havikukutana. Nilipoteza Jumapili nzima. Mbao yenyewe ni paini, ambayo mzee aliiona kwenye simu akasema ni mbao ya banda, kwa sababu yeye ni mtu wa mninga. Nikamweleza mninga huku siupati. Akakubali, ila akaniambia nipige msasa mara mbili kwenye papi, kwa sababu kijiti kilichochomoza kinachana ukingo wa plastiki laini.

Mshazari ni ubao unaopita nyuma kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Kabla sijauweka, kichanja kilikuwa kinacheza kushoto na kulia ukikigusa kwa kidole kimoja. Baada ya skrubu nne, kimetulia. Sijaona kazi ya dakika kumi yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Ukuta sasa. Nyuma ya jipsamu kuna nguzo za mbao, na kwenye nyumba nyingi za huku zinapishana inchi 16 kutoka katikati hadi katikati. Pitisha sumaku ukutani taratibu. Itanasa pale penye skrubu zilizoshika jipsamu, na hapo ndipo penye nguzo. Funga hapo, skrubu mbili tu juu. Kichanja kisitegemee ukuta kwa uzito, kiushike tu kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake.

Halafu joto. Usiweke karibu na tundu linalotoa hewa moto ya nyumba. Nilipoteza umbo la visahani viwili vya plastiki ya DX kwa kosa hilo, kama ambavyo ndugu yangu wa Texas atavipoteza kwenye buti la gari mwezi wa Julai asiponisikiliza. Vikipinda, vitie kwenye maji ya moto kiasi mpaka vilainike, vinyooshe mezani kwa mkono, kisha vitie maji baridi. Vyangu vilirudi, ila si kama mwanzo.

Nawaomba mniruhusu niseme jambo moja, najua wengine litawauma. Sisi tuliotoka nyumbani tumezoea kununua kila kitu. Rafu tunanunua, meza tunanunua, hata kitanda cha mtoto tunaletewa kwenye boksi na tunamlipa mtu akifunge. Na nyuma yetu kuna baba, mjomba, babu ambaye mikono yake ilijenga nyumba tuliyozaliwa. Tumekaa nao miaka kumi na nane tusijifunze hata kushika msumeno sawasawa, kisha tunajisifu tumeendelea. Mpigie simu. Kama bado yupo, mpigie leo, usingoje mpaka kitu kianguke. Mimi na mzee kwa miaka tulikuwa tunaongea dakika tatu, salamu na hela ya dawa. Kwa kichanja hiki tumeongea karibu kila Jumamosi kwa miezi miwili. Alikuwa ananituma nigonge kiungo asikilize mlio. Kimoja alikikataa kwa mlio tu, nikakifungua, nikakuta kweli skrubu haikuuma.

Siku niliyopanga visahani vyote, nilimwonyesha safu baada ya safu. Vya kumalizia kikapuni juu, usawa wa macho, kwa sababu ndivyo ninavyoshika kila siku. Vya kati vinafuata, vya mbali chini, vipya kulia na vikongwe kushoto. Roc iliyopasuka iko mwanzo kabisa wa safu ya pili. Mzee aliangalia, akaniambia nirudishe kamera kwenye mguu wa nyuma. Nikairudisha. Akasema, "Hapo umekata vizuri." Mke wangu alikuwa amesimama karibu, akasikia.

Sasa ndugu yangu wa Texas. Kwa visahani 80 safu mbili zinakutosha na nafasi inabaki. Nunua mbili kwa nne mbili za futi 8 na papi tatu za futi 8. Miguu minne ikate sentimita 75, vipande vifupi vya kuunganisha mbele na nyuma utavipata kwenye masalio. Papi mbili zitakupa njia zako nne, ya tatu ni ya mshazari. Duka la mbao wakikukatia, simama pale pale upime kila kipande kabla hujalipa. Ukimaliza nitumie picha, ila upige ukiwa nyuma yake kabla hujakisogeza ukutani, niuone mshazari.