Nafsi katika Upanishadi: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza iwapo nafsi inayofundishwa katika Upanishadi za kale (maandiko matakatifu ya Kihindu), yaani atmani, ni ile hali ya mtu binafsi yenye jina, kumbukumbu na tabia zake. Ningekushauri usianze na vitabu vya ufafanuzi, bali usome kwanza sura ya 8 ya Chandogya Upanishadi, ambamo swali lako linaulizwa na kujibiwa hatua kwa hatua.

Humo Indra, mfalme wa miungu, na Virochana wa upande wa maasura, yaani mahasimu wa miungu, wanamwendea Prajapati, mungu muumbaji, kutafuta nafsi isiyozeeka wala kufa. Baada ya miaka 32 ya uanafunzi wanaambiwa wajitazame katika chombo cha maji. Virochana anaondoka ameridhika kwamba nafsi ni mwili, lakini Indra anarudi, kwa kuwa mwili ukipofuka nafsi hiyo nayo ingepofuka. Anaelekezwa kwenye nafsi ya ndotoni, kisha ya usingizi mzito. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye uzito mkubwa zaidi, kwani analalamika kwamba aliyelala hivyo hajijui hata mwenyewe, ni kama ametoweka. Mwishowe, baada ya miaka 101, anafundishwa kwamba mwili ni makao tu ya nafsi isiyo na mwili, ambayo ndiyo inayoona kupitia jicho.

Maelezo ya Shankara na Ramanuja, wanafalsafa wa Kihindu wanaotofautiana sana, yasome baadaye.