Mwezi wa Tatu Ugenini: Maswali ya Vijana Walio Kwenye Programu za Kubadilishana

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka kwa watu wa aina tatu: vijana ambao tayari wapo kwa wenyeji wao ughaibuni, wanaofunga mizigo, na wazazi wanaobaki. Nimechagua maswali yanayojirudia. Mimi mwenyewe niliishi mwaka mzima na familia mwenyeji nikiwa na miaka 17, na tangu hapo nimekuwa nikijitolea kuwaandaa wanaoondoka.

Nipo mwezi wa tatu. Wiki za mwanzo nilifurahi sana, nikawa napiga picha kila kitu. Sasa nimechoka, nalala kupita kiasi, na jana nilijifungia bafuni nikalia ili familia isinisikie. Je, nimeshindwa?

Hujashindwa, mdogo wangu. Umefika mahali ambapo wengi hufika, na pana jina lake. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, akaeleza kwamba unatokana na kupotewa na zile ishara ndogondogo tunazoziishi bila kuzifikiria: wakati gani upeane mkono na mtu na umwambie nini, mwaliko upi uukubali na upi uukatae, na lini maneno ya mtu uyachukue kama yalivyo. Nyumbani hayo yote yanajiendea yenyewe. Ugenini unayapigia hesabu moja moja, kuanzia unapoamka hadi unapolala, na mwili unachoka kweli. Ndiyo maana usingizi umekuzidi.

Miaka mitano kabla ya hapo, Mnorwe Sverre Lysgaard alikuwa ameandika kuhusu Wanorwe 200 hivi waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6, na waliokaa zaidi ya miezi 18, walionekana wametulia kuliko wale wa katikati. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mtu hushuka na kupanda kwa mtiririko huo. Wapo wanaoanza na majonzi siku ileile ya kutua. Nakutajia habari hii ili ujue kwamba bonde ulilomo limepitiwa na watu wazima, wasomi, na wakatoka.

Bonde langu mimi lilikuwa kwenye ngazi. Chumba changu kilikuwa ghorofani, na kila jioni nilisikia familia ikicheka kule chini. Nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikisubiri kuitwa. Hawakuniita kwa sababu walidhani nataka kupumzika. Nami nikaamini hawanihitaji. Tulikwenda hivyo karibu wiki tatu. Siku moja nilishuka kuchukua maji, nikamkuta mama mwenyeji anaosha vyombo. Nikashika kitambaa, nikaanza kukausha. Hatukuongea mengi. Alinionyesha kabati la glasi, kisha droo ya vijiko. Kesho yake nikashuka tena. Mwezi ulipoisha nilikuwa najua kila kitu cha jiko lile kinakaa wapi, na maneno yalikuja yenyewe mikono ikiwa kazini.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja: kila jioni, kwa saa moja, usiwe chumbani. Omba kazi ndogo iwe yako, kama kupanga meza au kumtembeza mbwa. Halafu hayo machozi usiyafiche. Mwambie mwenyeji wako, au mratibu, yaani mtu wa shirika anayekufuatilia huko uliko, sentensi moja tu, "Wiki hii ni ngumu kwangu." Ila ukiona wiki mbili zimepita chakula hakikupiti, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza kujidhuru, hilo si suala la kuzoea tena. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, akupeleke kwa daktari au mshauri wa shule.

Mama ananipigia simu ya video kila jioni, saa ileile familia inapokula. Nisipopokea analia. Nifanyeje?

Mpangie siku na saa, na umweleze sababu kabla hujapunguza simu, asije akadhani umemsahau. Mazungumzo marefu mara moja kwa wiki, na katikati ujumbe wa sauti wa dakika mbili, huwatosha wengi. Na ukiwa katikati ya kilio, jaribu kumtafuta kwanza aliye karibu nawe. Wewe utakuwa umetulia baada ya nusu saa na umeingia kucheza na watoto wa nyumba. Mama atakesha, kwa sababu picha aliyobaki nayo ni ya uso wako ukilia. Nimewaona wazazi wakiomba mtoto arudishwe kwa ajili ya simu ya usiku mmoja, wakati mtoto mwenyewe asubuhi alikuwa hakumbuki alilia nini.

Lugha yao nilifaulu vizuri darasani. Lakini mezani, wakianza kuongea wote, siambulii kitu. Natabasamu tu.

Mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja ndiyo magumu kuliko yote. Wanakatizana, wanameza maneno, wanatania mambo yaliyotokea kabla hujafika. Usijipime kwa meza. Jipime kwa mtu mmoja, mahali penye utulivu, ndani ya gari au mnapotembea.

Walimu wazuri kuliko wote ni watoto wadogo, kama wapo nyumbani. Mtoto wa miaka mitano hachoki kurudia, anakusahihisha bila haya, na anaongea mambo unayoyaona kwa macho. Kuhusu tabasamu: liache pale ambapo hujaelewa. Najua linaokoa aibu, lakini linawadanganya wenyeji, nao wanazidi kuongea kwa kasi, na siku utakapokubali kwa tabasamu jambo la maana, kama saa ya kuchukuliwa shuleni, utabaki umesimama peke yako. Sema, "Sijaelewa, rudia taratibu." Sentensi hiyo ijue kabla ya kupanda ndege.

Mwanangu ana miaka 16. Kuna mtu anatuhimiza tulipe haraka kabla nafasi hazijaisha, na anasema sehemu ya fedha ni malipo ya familia itakayompokea huko Marekani, ambako ataingia kama mwanafunzi wa kubadilishana. Nitajuaje kama ni kweli?

Simama hapohapo, mzazi mwenzangu, usitoe chochote. Wanafunzi wa sekondari wanaokwenda Marekani kwa kubadilishana huingia kwa visa ya J-1, na kanuni zake zinafahamika. Mwanafunzi awe na miaka kati ya 15 na 18 na nusu siku programu inapoanza. Shirika linalompokea lazima liwe limeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na orodha ya mashirika hayo iko wazi kwa yeyote. Shirika hilo ndilo linalotoa fomu iitwayo DS-2019, na bila fomu hiyo visa ya J-1 haipatikani. Familia mwenyeji hailipwi. Inampokea mtoto kwa kupenda, na kila mwenye umri wa miaka 18 au zaidi katika nyumba hiyo huchunguzwa rekodi zake za jinai. Mratibu wa eneo hatakiwi kuishi mbali kupita maili 120, yaani kilomita 190 na ushei, na kila mwezi lazima awasiliane na mwanafunzi.

Kwa hiyo anayekuomba fedha za kuilipa familia, katika programu ya aina hii, ama haijui kazi yake ama anakudanganya.

Zipo pia programu zinazogharimiwa zote na serikali. Marekani ilianzisha ile ya Kennedy-Lugar, inayojulikana kwa kifupi YES, mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Nafasi zake hushindaniwa kwa mitihani na mahojiano. Hazinunuliwi.

Nchi nyingine zina taratibu zake, lakini popote pale dai majibu ya maandishi. Nani aliikagua nyumba atakayokaa? Mratibu ni nani, na anaishi wapi? Bima ya afya inafika wapi? Familia ikishindikana, mtoto atalala wapi usiku huo? Mtu anayeifanya kazi hii kwa haki huwa na jibu la swali la mwisho kabla hujalimaliza.

Baba mwenyeji huingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Hajanifanyia kitu, na sitaki kuonekana sina shukrani.

Kushukuru hakukuondolei haki ya kubishiwa hodi. Mpigie mratibu leo, umweleze hivyohivyo ulivyoniandikia, bila kupunguza wala kuongeza. Huna haja ya kusubiri kitu kibaya zaidi kitokee ndipo useme, wala huna haja ya kuwa na ushahidi. Inawezekana ni mazoea ya nyumba yao na neno moja litatosha. Inawezekana sivyo. Kulipima hilo ni kazi ya mratibu, si yako. Andika tarehe na saa kila inapotokea. Mratibu akikupuuza, nenda kwa mshauri wa shule, au makao makuu ya shirika, au uwaambie wazazi wako wapige simu wao. Na kama usiku wowote utaona hupo salama, toka, nenda kwa jirani au mwalimu, au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo.

Kubadilisha familia hutokea, tena mara nyingi kuliko wanaoondoka wanavyodhani. Katika kundi langu tulikuwepo tuliobadilishiwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile familia ya vyombo ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyopaswa, kwa ajili ya neno hilohilo, shukrani.

Shuleni wananiuliza maswali ya ajabu kuhusu nilikotoka, kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja. Nimechoka kujibu.

Una haki ya kuchoka. Tofautisha tu anayeuliza kwa kutojua na anayeuliza ili kukudhalilisha. Wa kwanza mpe jibu moja la kweli, dogo, kuhusu maisha yako wewe: shule yako ilivyo, njia unayopita asubuhi, mnachogombania na ndugu zako. Ukianza kulitetea bara zima hutamaliza. Wa pili mwambie mwalimu, kwa sababu huo ni ubaguzi na shule ina wajibu wa kuuzuia. Nawe jiulize ni mangapi uliyoamini kuhusu wao kabla hujaja.

Nifungashe nini?

Nusu ya unachofikiria. Ongeza picha za familia yako zilizochapishwa kwenye karatasi, ambazo wenyeji watazishika mkononi.

Kwa nini serikali zinatoa fedha nyingi ili vijana wakaishi kwa watu wasiowajua?

Sababu ya kwanza ni vita, na si kwa mafumbo. AFS, shirika kongwe katika shughuli hii, lilianza mwaka 1915 kama kikosi cha Wamarekani waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakarudi kazini katika ya pili. Baada ya kubeba majeruhi vita mara mbili, waliona heri wawapeleke vijana wakajuane mapema, na mwaka 1947 wakaanza na wanafunzi 52 wa sekondari kutoka nchi 10.

Ufaransa na Ujerumani, zilizokuwa zimepigana vita tatu kubwa ndani ya miaka 75, zilitia saini mkataba wa urafiki Januari 1963, na Julai mwaka huohuo zikaunda ofisi ya pamoja ya vijana. Zaidi ya vijana milioni 9 wamekwishapita humo. Fikiria mtoto wa mwaka 1963 akienda kulala katika nyumba ambayo baba yake alikuwa akipigana na watu wake miaka 20 tu nyuma. Baadaye, mwaka 1987, ikaja Erasmus, programu ya kubadilishana kwa wanafunzi wa vyuo wa Ulaya, na mwaka huo wa kwanza walisafiri 3,244.

Nipo Marekani na visa ya J-1. Marafiki wanasema mwaka ukiisha nitafute njia ya kubaki.

Kabla ya kuwasikiliza, isome visa yako. Ikiwa programu imelipiwa na serikali, kwa kawaida utafungwa na sharti la kurudi na kuishi nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kuweza kupata visa kadhaa za kazi au ukaaji wa kudumu. Kubaki kinyume cha hapo kunakuharibia wewe, na shirika linaweza kuiacha shule uliyotoka. Wadogo zako wa shule hiyo ndio watakaokosa.

Nilirudi miezi miwili iliyopita. Nilidhani nitafurahi. Naona chumba ni kidogo, marafiki wamebadilika, na nikianza kusimulia watu wanaangalia simu zao. Mama anasema nimekuwa mjeuri.

Hili hatulisemi vya kutosha tunapowaandaa watu, na nakuomba radhi kwa niaba ya waandaaji wote. Watafiti John na Jeanne Gullahorn waliandika mwaka 1963 kwamba lile bonde la ugenini hurudi mara ya pili mtu akifika nyumbani. La pili linauma kwa namna yake kwa sababu hakuna anayelitarajia. Ugenini watu walikusamehe makosa kwa kuwa ulikuwa mgeni. Nyumbani hakuna wa kukusamehe, maana unatakiwa uwe unajua.

Kwa mama, anza kwa kusikiliza. Mwaka mzima nyumba iliendelea bila wewe, na yapo yaliyotokea ambayo hakukuambia kwenye simu ili usiumie. Mimi nilikuja kujua baada ya kurudi kwamba mama alilazwa hospitali siku tisa, na kila aliponipigia siku hizo alikaa mahali ambapo kitanda hakitaonekana nyuma yake. Muulize mama yako mwaka wake ulikuwaje. Muulize hasa, na ukae.

Kuhusu kusimulia, usiwalazimishe marafiki. Waulize walioshughulikia safari yako nani anaondoka msimu ujao, ukaonane naye. Huyo atakuuliza mpaka usiku uingie.