Mia tatu ya nani?

Mmeuliza wiki hii ni kauli gani ya wanasiasa kuhusu gharama ya bima ya afya iliyotupotosha zaidi. Mimi hata sifikirii mara mbili, ni ile ya kwamba mtu atalipa shilingi mia tatu tu kwa mwezi.

Ukienda soko la Kongowea hapa Mombasa, upande wa mitumba utamsikia mtu anapiga kelele mia mia mia mpaka sauti imemkauka, ukifika pale kweli rundo la mia lipo, mashati yamepasuka kwapa na suruali za watoto hazina zipu, lakini lile shati ulilolitamani kutoka mbali limetundikwa juu na hilo ni mia nne. Hajadanganya, mia si ipo? Basi SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, tumeuziwa vivyo hivyo.

NHIF, ile bima ya zamani, ilipoondolewa na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, majukwaa ya serikali wimbo ulikuwa mmoja, ati mama mboga alikuwa analipa 500 kwa mwezi sasa atalipa 300 tu. Mamangu anauza mahamri na mbaazi Likoni, akafurahi kweli, akaniita nimsajili. Tukakaa na simu yangu, maswali sasa ya kukadiria uwezo wake wa kulipa! Paa la bati au makuti, sakafu simiti au udongo, choo cha aina gani, mnapikia nini. Na yeye anajibu kwa maringo manake nyumba ile kaijenga mwenyewe kwa mahamri hayohayo, simiti ndio, umeme ndio, friji ipo (friji yenyewe ilikufa kitambo, anawekea nguo). Kumaliza tu ikaja 780. Akaniangalia kama ni mimi niliyempandishia.

Na hiyo 780 ni ya mwezi kwa mdomo tu, asiyeajiriwa alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo, yaani 9,360. Hata hiyo 300 ambayo ni kima cha chini kabisa ukiizidisha ni 3,600 mkononi, na habari ya mwaka mzima mimi jukwaani sikuisikia. Ile 500 ya NHIF kwa mwaka ni 6,000 sawa, lakini alikuwa anaitoa mwezi kwa mwezi, biashara ya mahamri haina elfu tisa za siku moja. 2025 wakaleta Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango halafu unalipa kidogo kidogo, mamangu kusikia ni mkopo akaniuliza, "Mkopo wa kuugua?"

Lakini nisiwaonee wa serikali peke yao, kuna wa upinzani nao walizunguka wakisema kila mwenye mshahara ataliwa zaidi. Si kweli. Kinachokatwa ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Shemeji yangu anapokea 20,000, NHIF ilimkata 750, sasa ni 550, kapunguziwa! Wa 50,000 alikuwa 1,200 akaenda 1,375. Anayelia ni wa 200,000, zamani makato yaliishia 1,700 hata ungepokea nusu milioni, sasa hakuna kikomo kwa hiyo anatoa 5,500. Wa serikali wakipanda jukwaani wanataja 300, wa upinzani wanataja 5,500, hesabu zote sahihi, ila ni ya nani, hapo wote kimya. Na ile Desemba 2024 sheria ya kodi iliporekebishwa mchango ukawa unaondolewa kabla ya kupiga hesabu ya PAYE, ile kodi ya mshahara, nafuu hiyo sikusikia mtu akiitaja, labda haipigiwi makofi.

Halafu kuna neno bure, ati matibabu ni bure. Miezi kadhaa nyuma presha ilimpanda mamangu usiku tukamkimbiza hospitali kubwa, pale kaunta tukaambiwa amesajiliwa lakini hajalipa, nitoe pesa. Yeye amejishika kichwa bado anabishana, "Si walisema bure?" Bure ni zahanati na kituo cha afya, level 2 na 3, kwenda juu ya hapo lazima mchango uwe umelipwa, na haya nimekuja kumweleza kwenye tuktuk tukirudi, pesa zangu za kodi ya nyumba zimeshaenda.

Saa hii ana kopo la Kimbo ndani ya ile friji mbovu, kila jioni akifunga biashara anatupia hamsini ya SHA. Jana tumehesabu, 4,150.